Nyuki wanakufia mlangoni mwa mzinga: sumu inatoka wapi, na asali yao bado inalika?

Swali la msomaji

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iramba, mkoani Singida. Tunalima alizeti, na nina mizinga sita ya masanduku kwenye migunga nyuma ya shamba. Septemba hii nimekuta nyuki wengi wamekufa chini ya mizinga miwili, wengine wanatambaa huku wanatetemeka. Jirani yetu ana bustani ya nyanya na matikiti kando ya mto, na hupuliza dawa asubuhi mara kwa mara. Naogopa kumwambia neno kwa sababu sina ushahidi na tunaheshimiana. Je, ni dawa yake kweli? Nifanye nini nisiwapoteze wote? Asali iliyomo tuile au tuimwage? Jambo la mwisho: mume wangu ameambiwa sukari yake imepanda, kwa hiyo tumeacha sukari na tunatia asali kwenye chai. Na mama mkwe anataka kumlambisha mtoto wetu wa miezi minane asali kwa sababu anakohoa. Naomba unisaidie.

Jibu la mtaalamu

Dada yangu, pole sana kwa nyuki wako. Kabla sijafika huko, naomba leo hii hii uzungumze na mama mkwe. Mtoto asilambishwe asali, hata ya kupaka mdomoni, mpaka atimize mwaka mmoja. Sababu nitaieleza chini, lakini hilo lisingoje umalize kusoma. Na kama kikohozi kinaambatana na homa, kupumua kwa haraka, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya, mpeleke zahanati bila kuchelewa.

Sasa nyuki. Uliyoyaona yanaelekea sana kwenye sumu. Nyuki kibarua, wakati wa kazi nyingi, huishi wiki sita hivi, kwa hiyo mizoga michache chini ya mzinga ni jambo la kila siku na haipaswi kukutisha. Lakini rundo linalotokea ghafla, na katikati yake wengine wako hai wanatambaa, wanatetemeka, wanazunguka mahali pamoja, pengine ulimi umetoka nje, hiyo ni alama ya dawa inayoshambulia mishipa ya fahamu. Matatizo mengine huacha alama tofauti. Kundi lililokufa kwa njaa utalikuta limechomeka vichwa ndani ya masega matupu. Siafu wakivamia usiku, asubuhi unakuta vurugu na majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye masega, yameliwa. Nondo wa nta huacha utando na vinyesi vyeusi kwenye masega. Na nyuki wetu wa Afrika Mashariki wakikosa maji au wakisumbuliwa mno, hawakai kufa. Huhama wote na kukuachia sanduku tupu. Wewe umekuta mizoga mlangoni na mzinga bado una kundi. Ningekuwa mimi, ningeanza na sumu.

Hata hivyo, usimnyooshee jirani kidole bado. Nyuki kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita mbili hadi tatu kutoka mzingani. Mduara wa kilomita tatu kila upande una eneo la karibu ekari elfu saba. Humo kuna bustani yake, lakini huenda kuna nyingine tatu au nne ng'ambo ya mto ambazo hujawahi kuzifikiria. Zunguka kwanza. Uliza nani amepuliza, lini, na amepuliza nini. Ukiuliza kama mtu anayetafuta kujua badala ya mtu anayeshtaki, watu wataongea.

Ushahidi unaweza kuupata, lakini unaharibika haraka. Siku utakayoona tena vifo vipya, okota mizoga ya asubuhi hiyo hiyo, ile ambayo haijakaukia juani. Iweke kwenye karatasi safi ndani ya chombo kikavu, andika tarehe, saa na mzinga ilipotoka, kisha igandishe kwenye friza ya mtu unayemwamini. Piga picha za mlango wa mzinga. Halafu nenda kwa afisa nyuki wa halmashauri au afisa ugani wa kata. Tangu sheria ya afya ya mimea ya 2020, masuala ya dawa za mashambani yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Afisa wako ndiye anayejua njia ya kuwafikishia sampuli. Hata kama hutaki kesi na mtu, na naona hutaki, rekodi hiyo ina faida, kwa sababu malalamiko yasiyoandikwa popote hayabadilishi kinachouzwa kwenye duka la pembejeo.

Kuna jambo moja kuhusu nyanya ambalo watu wengi hawalijui, nalo linaweza kuwa ufunguo wa tatizo lako. Ua la nyanya halina mbochi, yaani yale majimaji matamu ambayo nyuki huyageuza kuwa asali. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijifuko vinavyotaka kutikiswa kwa mtetemo maalumu, kazi anayoiweza yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, wakati nyuki wa asali haiwezi. Kwa hiyo nyuki wako hawaendi kwa jirani kwa ajili ya nyanya. Wanaenda kwa mambo matatu. La kwanza ni matikiti, ambayo wanayapenda. La pili ni magugu yanayochanua chini ya nyanya na kwenye matuta, hasa kishona nguo. La tatu, na Septemba ndilo kubwa kuliko yote, ni maji. Katikati ya kiangazi cha Singida, bustani ya umwagiliaji ndiyo sehemu pekee yenye unyevu. Nyuki huleta maji mzingani kuupoza, kwa sababu majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 na si zaidi. Wanayanywa kwenye mifereji, kwenye udongo uliolowa, na kwenye matone yaliyokaa juu ya majani. Kama jani limepulizwa saa tatu asubuhi, tone lile ni sumu.

Ndiyo maana hatua yako ya kwanza haimhusu jirani hata kidogo. Weka maji nyumbani kwako. Beseni au karai pana, lijaze mawe na vijiti vinavyotokeza juu ya maji ili nyuki watue bila kuzama, liweke kivulini mita chache kutoka kwenye mizinga, na lisikauke hata siku moja. Nyuki wakishazoea chanzo cha maji hawakiachi kirahisi, kwa hiyo anza mapema, kabla ya kiangazi kukolea, na badilisha maji mara kwa mara yasizae mbu. Mwaka ujao anza Mei, mvua zikiisha tu. Nimeona wafugaji wakitumia fedha nyingi kununua mizinga mipya huku wale wa zamani wanakufa kwa kukosa karai la maji.

Hatua ya pili ni mazungumzo na jirani, na hapa unahitaji kujua dawa zinavyofanya kazi, la sivyo mtabishana bure.

Anayelima nyanya leo ana adui mmoja anayemnyima usingizi, kantangaze, yule kiwavi wa kipepeo mdogo aliyeingia Tanzania 2014. Hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa haimfikii vizuri, na amekuwa sugu kwa dawa nyingi. Mkulima akiona hafi, huongeza kipimo, kisha anachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja pamoja na dawa ya ukungu, kisha anapuliza kila baada ya siku chache. Ninaelewa kabisa kwa nini anafanya hivyo. Mtaji wake wote uko pale ardhini. Lakini mchanganyiko huo ndio mbaya kuliko yote. Baadhi ya dawa za ukungu za kundi la triazoli, ambazo peke yake zisingewadhuru sana nyuki, huwazuia kuivunja sumu mwilini, kwa hiyo zikichanganywa na dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi makali huongezeka.

Mwombe akuonyeshe chupa. Usiishie kwenye jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa; tafuta kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake kwa lita. Ukikuta imidakloprid au thiamethoksam, hizo ni za kundi la neonikotinoidi. Zinaingia ndani ya mmea na kusafiri hadi kwenye mbochi na chavua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani 2018 pamoja na klothianidin, kwa ajili ya nyuki. Dawa ya aina hiyo ikipulizwa kwenye matikiti yanayokaribia kuchanua, kupuliza jioni hakusaidii chochote, kwa sababu sumu itawangoja nyuki ndani ya ua. Ukikuta klopairifosi, hiyo inabaki na makali juu ya majani kwa siku kadhaa. Spinosad ni kali kwa nyuki ikiwa bado mbichi, lakini ikishakauka kwa saa chache hatari hupungua sana. Na zile za kuua viwavi zinazotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt, huua viwavi tu, nyuki haziwadhuru.

Tahadhari kuhusu mkanda wa rangi ulio chini ya kibandiko. Nyekundu, njano, buluu na kijani hupima hatari kwa binadamu. Hazisemi lolote kuhusu nyuki. Dawa inayoonekana ya upole kwa mpulizaji inaweza kumaliza manzuki nzima, yaani mizinga yote mahali pamoja, na spinosad niliyoitaja ni mfano mzuri. Tafuta maandishi au alama ya nyuki kwenye kibandiko.

Vilevile usidhani dawa za kienyeji zote ni salama. Maji ya sabuni humwua nyuki yakimgusa. Maji ya tumbaku yana nikotini, na ni sumu kwake na kwako. Mwarobaini ni mwepesi zaidi kwa nyuki wakubwa, lakini majana yanaweza kuathirika, kwa hiyo nao upulizwe jioni, nje ya maua.

Basi umwombe nini? Mimi ningeomba mambo manne tu, na ningeyaomba kwa mpangilio huu. Aache kupuliza maua yaliyofunguka. Apulize jua likizama, kuanzia saa kumi na mbili jioni, upepo ukiwa umetulia. Apalilie au afyeke magugu yenye maua kabla ya kupuliza. Na akutumie ujumbe wa simu mchana wa siku hiyo. Ukipata ujumbe, jioni nyuki wakisharudi unaweza kufunika milango kwa gunia lililolowa maji, ukaliondoa asubuhi mapema mara dawa ikishakauka. Usifunge mizinga mchana kutwa kwenye joto la kwenu. Kundi zima litakufa kwa kukosa hewa, na masega yatalainika na kuanguka.

Kuhusu matikiti, una hoja inayomgusa mfukoni. Tikiti lina maua dume na maua jike, hufunguka alfajiri na kufunga siku hiyo hiyo. Ua jike linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi ndani ya saa hizo chache ili chavua ienee sawasawa. Likitembelewa kidogo, tunda hudondoka likiwa changa au hukua limepinda upande mmoja, lile ambalo mnunuzi analiacha. Anapopuliza saa tatu asubuhi anaua vibarua wake mwenyewe wakiwa kazini, vibarua asiowalipa. Mpeleke shambani alfajiri mkaangalie pamoja maua ya matikiti kwa nusu saa. Kuona kunasaidia kuliko maneno yangu yote haya.

Kwa kantangaze, mshauri aanze na mitego ya feromoni. Kidonge chenye harufu ya jike hutundikwa juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, na madume huvutwa wakazama. Nyuki hawavutwi na harufu hiyo. Aondoe majani na matunda yaliyotobolewa, ayafukie au ayafunge kwenye mfuko mweusi juani, asiyatupe pembeni mwa shamba. Asipande nyanya juu ya nyanya, wala bilinganya au viazi mviringo baada ya nyanya, maana kantangaze anakula jamii yote hiyo. Mitego haimalizi wadudu wote, lakini inamwambia lini wamefika, na mkulima anayejua lini wamefika hapulizi kwa kalenda.

Na ninyi kwenu je? Mahindi hayahitaji nyuki kwa kuwa huchavushwa na upepo, lakini nyuki wanayatembelea kukusanya chavua ya mbelewele, yale maua dume ya kileleni. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini 2017, mahindi mengi yanapulizwa. Elekeza dawa kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipukia, na uache kabla ya mbelewele kutoka. Alizeti ndiyo zaidi: kichwa chake huchanua kuanzia pembeni kuelekea katikati kwa muda wa wiki moja hivi, na siku zote hizo nyuki wako juu yake. Mkiwa mnapanda mbegu ya Record inayotegemea uchavushaji wa mmea kwa mmea, nyuki ndio wanaojaza punje zile za katikati ambazo shamba lisilo na nyuki huziacha pepe. Usikubali mtu apulize alizeti iliyochanua kwa sababu yoyote ile.

Sasa chakula chenu, maana hapa ndipo naona watu wanatenganisha vitu ambavyo ni kimoja. Nyuki anakufa haraka kwa sababu ni mdogo na kipimo kinachomtosha ni kidogo. Lakini nyanya iliyopulizwa leo asubuhi na kuchumwa kesho kwa ajili ya gulio inaingia kwenye sufuria yako. Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Kwa dawa nyingine ni siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne na zaidi. Ukimwomba jirani azifuate siku hizo unawatetea nyuki, unawatetea wateja wake, na unamtetea yeye mwenyewe na watoto wake wanaokula nyanya zile zile. Unaponunua, muuzaji unayemjua muulize amepuliza lini. Ni swali la kawaida kabisa, na mkulima makini atakujibu bila kununa.

Nyumbani, osha nyanya na mboga kwa maji yanayotiririka, ukisugua kwa mikono, hata kama utamenya. Hutaondoa kila kitu. Dawa zilizoingia ndani ya mmea hazitoki kwa kuoshwa, lakini vumbi jeupe la dawa ya ukungu na mabaki mengi ya juu ya ganda hupungua. Usioshe kwa sabuni ya kufulia, inanyonywa na tunda. Matikiti yaoshwe ganda kabla ya kisu kupita. Na chupa tupu za dawa zisiingie jikoni kamwe, wala kuwekwa asali, mafuta, maziwa au maji ya watoto. Zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha zitobolewe. Mtu anayekuuzia asali ndani ya dumu usilolijua lilikuwa na nini, mwachie asali yake.

Ukitaka kuwasaidia nyuki zaidi ya hapo, acha ukingo wa shamba uwe na maua ya nyakati tofauti. Mlonge huchanua mara nyingi kwa mwaka. Rehani na giligilani zilizoachwa kuzaa mbegu hujaa nyuki. Migunga yako usiikate kwa ajili ya mkaa, hiyo ndiyo ghala yao kabla ya alizeti. Na unaporina, tumia bomba la moshi, rina asali iliyozibwa kwa nta tu, acha masega yenye majana mahali pake, na waachie akiba ya kuwafikisha kwenye maua yanayofuata. Anayerina kwa mwenge wa moto anaua maelfu kwa ndoo moja, na moto wa namna hiyo unaweza kuunguza misitu yetu ya miombo wakati wa kiangazi.

Asali iliyomo kwenye ile mizinga miwili usiimwage kwa hofu. Nyuki aliyepata sumu kali mara nyingi hufia njiani au mlangoni, hafiki kuiweka ndani. Asali iliyokwisha kuzibwa kwa nta kabla ya vifo kuanza iliwekwa wakati mzinga ulikuwa mzima, nayo haina sababu ya kutupwa. Ninachokukataza ni mbochi mbichi ambao haujazibwa na masega yenye chavua ya siku hizo. Usiyale, usiyauze. Kama kundi limebaki dogo, punguza nafasi ya mlango ili liweze kujilinda, na usilirine msimu huu.

Tuje kwenye chai. Nataka nikuambie wazi kwa sababu najua umefanya hivi kwa upendo: asali ni sukari. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na inayobaki kubwa ni maji. Vitu vingine vizuri vilivyomo ni vichache mno kuweza kumlinda mtu mwenye kisukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, limeiweka asali kundi moja na sukari ya mezani, na linashauri sukari hizo zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Asali inapandisha sukari ya damu taratibu kidogo kuliko sukari nyeupe, lakini inaipandisha.

Kuna jambo la vipimo pia. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, kwa kuwa asali ni nzito, na ndani yake mna karibu gramu 6 za sukari. Kwa hiyo mtu aliyebadilisha vijiko vitatu vya sukari kwa vijiko vitatu vya asali ameongeza, hakupunguza. Mumeo akinywa vikombe vitatu hivyo kwa siku, amepita gramu 50, mara mbili ya kile kiwango cha chini, hata kabla hajala kitu.

Ninachoshauri ni kupunguza utamu wenyewe. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hujifunza. Tangawizi, mdalasini, iliki na mchaichai vinaipa chai ladha ambayo hukuwa unaisikia kwa sababu ya sukari. Soda na juisi za pakiti ziondoke nyumbani kwanza, kabla hata ya kubishana juu ya chai. Ugali wa dona au mtama kwa kiasi cha ngumi, mlenda na maharage kwa wingi, kutembea jioni. Na vidonge vyake asiache wala kupunguza kwa sababu mtu amemwambia asali inatibu sukari. Akitaka kuonja asali siku moja moja, aulize kliniki yake kiasi gani kinaingia kwenye mpango wa chakula chake.

Mtoto sasa. Asali, hata ile safi kabisa uliyorina mwenyewe, inaweza kubeba vijidudu vya Clostridium botulinum vikiwa katika hali ya usingizi. Mtu mzima na mtoto mkubwa havimsumbui. Tumbo la mtoto chini ya mwaka halijakomaa, vinaweza kuamka humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hukosa choo, sauti ya kilio inafifia, anashindwa kunyonya, shingo inalegea, na mwishowe kupumua kunashindikana. Kuichemsha jikoni hakuviui. Ni ugonjwa wa nadra, lakini hauna sababu ya kuutafuta. Mwambie mama mkwe kwamba hajakosea kuhusu asali na kikohozi. Kwa watoto waliozidi mwaka mmoja asali inasaidia kweli, na tangu 2018 hata miongozo ya tiba ya Uingereza inaitaja kwa kikohozi cha kawaida. Wale wakubwa wawili anaweza kuwapa kijiko kabla ya kulala, kisha wapige mswaki. Huyu mdogo anyonyeshwe mara nyingi zaidi, puani asafishwe kwa matone ya maji chumvi ya dukani, na asikae kwenye moshi wa jikoni.

Nadhani utaniuliza pia, kwa sababu wote wanaolima alizeti huniuliza: asali yako ikiganda kwenye chupa baada ya wiki chache, haijachakachuliwa. Asali ya alizeti ina glukosi nyingi na huganda upesi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasichemke, itarudi. Mteja anayeikataa mweleze, na mwonjeshe.

Ukifanikiwa kuiona chupa ya jirani, niandikie kiambato amilifu na kiasi kilichoandikwa kwa lita, pamoja na saa aliyopuliza na siku vifo vilipoanza. Kwa hayo nitakuambia inakaa na makali kwa muda gani juu ya majani, na kama kuna nyingine iliyosajiliwa kwa nyanya anayoweza kuibadilishia kabla matikiti yake hayajachanua tena.